Kufyatua .22 Bila Risasi: Chemba Tupu, Ganda Lililotumika, Risasi Bandia au Fisha ya Ukutani?

Bunduki iliyonisukuma kuandika ulinganisho huu ni ya baba yangu mkubwa. Ni bunduki ya bolti, yaani yenye komeo la chuma nyuma ya mtutu linalovutwa kwa mkono, kaliba ya .22, ambayo kwa miaka mingi imetumika kuwafukuza ngedere katika shamba lake la machungwa nje kidogo ya Muheza. Baba mkubwa alipitia mafunzo ya mgambo ujanani, na huko alizoeshwa kwamba silaha haihesabiwi kuwa salama mpaka umetoa magazini, umevuta bolti, umekagua chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kwa macho, kisha umeelekeza mtutu mahali salama na kubonyeza triga hadi usikie "tak". Kila jioni alipotoka shambani aliifanyia .22 yake utaratibu huohuo, kwa nidhamu ambayo mimi bado naiheshimu. Mwaka juzi maganda yakaanza kukwama. Mwanzoni lilikwama moja kwa kisanduku cha risasi hamsini, baadaye matano, na mwishowe kila ganda likawa halitoki mpaka lisukumwe kwa fimbo ya kusafishia kutoka mbele ya mtutu.

Tuliipeleka kwa fundi mwenye kibali, hapa Tanga mjini. Hakuchukua muda mrefu. Alitoa bolti, akamulika tochi kwenye mdomo wa chemba, akampa baba mkubwa kioo cha kukuzia na kumwambia, "Mzee wangu, shikamoo tena, lakini hii siyo SMG ya jeshini. Huku pini ikikosa risasi inapiga mtutu." Kwenye ukingo wa chemba kulikuwa na kishimo kidogo, kisichozidi ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na pembeni yake chuma kilikuwa kimevimba kuelekea ndani. Kishimo hicho, kilichochimbwa na pini (kichuma kinachogonga risasi ili ilipuke), kilikuwa kumbukumbu ya "tak" za jioni zote hizo.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na watu wengi wenye .22, wa Korogwe, wa Pangani na wa hapa mjini: je, kufyatua bila risasi kunaharibu bunduki, au ni hofu tu? Wengine wanataka kufanya mazoezi ya kubonyeza triga bila kutumia risasi, ambazo zinanunuliwa kwa leseni na kwa hesabu. Wengine wanataka tu kulegeza springi kabla ya kuifungia bunduki kabatini. Haya ni mahitaji mawili tofauti, na makosa mengi hutokana na kuyatafutia jibu moja.

Tofauti iliyomo ndani ya risasi yenyewe

Katika risasi ya SMG, na katika risasi za bunduki nyingi kubwa, fataki, yaani kilipuzi kinachowasha baruti, ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Pini hutokea kwenye tundu la katikati ya uso wa bolti, na chemba ikiwa tupu, mbele ya ncha yake hakuna kitu ila hewa iliyomo ndani ya mtutu. Pini husimamishwa na bega lake lenyewe ndani ya bolti, na kwa silaha za aina hiyo zilizotengenezwa kwa matumizi ya kijeshi, mbonyezo mmoja wa ukaguzi si mzigo wa kuogopwa. Ndiyo maana mkufunzi wa mgambo au wa JKT hakukosea alipofundisha vile.

Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1887, haina kikombe hicho. Unga wake wa fataki umetandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, ule mdomo mdogo unaozuia ganda lisitumbukie lote ndani ya chemba. Ukingo huo una upana wa takribani milimita 7 na unene wa karibu milimita 1, ilhali mwili wa ganda una kipenyo cha takribani milimita 5.7. Ili fataki ilipuke, ukingo lazima ubanwe kati ya pini na chuma cha mtutu. Anayefahamu karakana ya mhunzi ataelewa mara moja: pini ni nyundo, mdomo wa chemba ni fuawe, na ukingo wa shaba ndio unaofuliwa katikati yake. Ukiiondoa shaba hiyo, nyundo inabaki na fuawe peke yake.

Kinachofuata kinategemea ni chuma kipi kilicho kigumu zaidi. Kwa kawaida pini imekazwa kwa moto kuliko mtutu, kwa hiyo mtutu ndio unaoumia. Kila pigo huacha alama ndogo, na chuma kilichopigwa hakipotei, bali husukumwa pembeni, na pembeni ya mdomo wa chemba ndipo ganda linapopita. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kujaza chemba yote, likiwemo eneo lililo mbele ya kile kivimbe. Linapotaka kutoka, kivimbe kinalishika. Kuna athari ya pili ambayo wenye bunduki hawaitambui upesi: pale palipobonyea, ukingo wa risasi mpya hauna tena kitu cha kuegemea, kwa hiyo pini inapoupiga unabonyea bila kubanwa, na risasi inagoma. Mtu atalaumu risasi, atabadili kisanduku, atalaumu unyevu wa pwani, kumbe fuawe imeliwa. Na pale ambapo pini ndiyo dhaifu, ncha yake hubapa au huvunjika kipande.

Swali lililo sahihi ni umbali

Baada ya maelezo hayo ingekuwa rahisi kusema kwamba .22 yoyote isifyatuliwe tupu, tukamaliza. Lakini si kweli kwa bunduki zote, na mimi nisingependa kumnyima mtu mazoezi yenye faida kwa sababu ya kanuni iliyotungwa kwa ajili ya bunduki ya mwenzake. Jambo linaloamua ni moja: pini ikifika mwisho wake wa mbele, je, ncha yake inaugusa mtutu au inasimama kabla?

Mfano ulio wazi ni Ruger 10/22, bunduki ya Marekani inayojirudishia risasi yenyewe, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Ndani ya bolti yake kuna kipini kilichopita kwenye mwanya wa pini ya kupigia, na mwanya huo unaipimia pini mwendo wake, hivyo ncha husimama kabla ya kufika kwenye mdomo wa chemba. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu ifyatuliwe tupu kwa mazoezi, chemba na magazini vikiwa vimethibitishwa kuwa havina kitu. Ruhusa hiyo, hata hivyo, imesimama juu ya kile kipini. Kikiwa kimechakaa, kimeachwa nje wakati wa kusafisha, au pini ya asili ikiwa imebadilishwa na nyingine iliyochongwa mtaani bila vipimo, ruhusa ya kitabu cha mtengenezaji haiihusu tena bunduki hiyo.

Upande wa pili zipo bunduki za bolti za zamani, nyingi za mashambani, ambazo zimepita mikono miwili au mitatu, hazina kitabu, na pini zake pengine zimeshawahi kubadilishwa. Hizo zote nashauri zihesabiwe kuwa zinagusa mpaka ithibitike vinginevyo. Kati ya pande hizi mbili zipo bunduki za kisasa ambazo vitabu vyake hutofautiana, vingine vikiruhusu na vingine vikikataza, na hapo neno la mwisho ni la kitabu cha bunduki hiyohiyo, wala si la bunduki inayofanana nayo.

Kuna njia ya kukagua bila kufyatua hata mara moja. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, toa bolti nje, kisha tazama uso wake. Bunduki nyingi za .22 zina uso wa bolti wenye kishimo cha duara ambamo ukingo wa risasi hukaa. Sukuma pini mpaka mwisho wake wa mbele, kisha laza ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wa bolti, ukivuka kile kishimo. Ncha ya pini ikibaki chini ya rula, na pakawa na mwanga kati yao, pini hiyo haiwezi kuugusa mtutu. Ikiinyanyua rula, inagusa. Ikiwa uso wa bolti ni bapa na kishimo kimechongwa kwenye mtutu, rula haitoshi. Inabidi fundi apime urefu wa pini inayojitokeza na kina cha kishimo cha mtutu, na tofauti yenyewe ni sehemu ndogo ya milimita moja. Hiyo si kazi ya kukisia kwa jicho.

Chemba tupu

Kwa bunduki iliyothibitika kutogusa, chemba tupu ndiyo njia safi kuliko zote. Hakuna kitu kinachoingia ndani ya bunduki, kwa hiyo hakuna cha kuchanganya na risasi ya kweli, hakuna kinachokwama, hakuna cha kununua. Kwa 10/22 ina faida nyingine inayoonekana mara mtu anapoanza kufanya mazoezi: ili kuikoki tena lazima bolti ivutwe nyuma, na kila inapovutwa hutupa nje chochote kilichomo kwenye chemba. Anayejaribu kuifanyia mazoezi kwa ganda au kwa risasi bandia atatumia muda mwingi kuokota sakafuni kuliko kulenga.

Hata hivyo, nisingependa mtu asome ruhusa ya mtengenezaji kama ruhusa ya kufyatua mara mia tatu kila usiku kwa miaka. Pigo lisilofika kwenye mtutu halikutoweka. Limepokewa na kile kipini cha kusimamisha. Kikaguliwe kila bunduki inapofunguliwa kusafishwa.

Kwa bunduki ambayo haijapimwa, chemba tupu haifai hata mara moja kwa siku. Baba mkubwa hakufyatua zaidi ya hapo.

Ganda lililotumika

Hii ndiyo njia ya wazee, na ina mantiki: ganda lililokwisha kulipuka bado lina ukingo wa shaba, na shaba hiyo inaweza kupokea pigo kwa niaba ya mtutu. Halina gharama, maana liko chini ya miguu yako baada ya kila siku ya kulenga shabaha.

Udhaifu wake umo kwenye unene wa karibu milimita moja. Ukingo ambao tayari una alama ya pini, ukipigwa tena palepale, hauna tena shaba ya kutosha kusimamisha kitu. Pigo la pili au la tatu linapita karibu moja kwa moja. Kwa hiyo ganda lazima lizungushwe kila mara ili pini ipate shaba ambayo haijaguswa, na baada ya mizunguko michache ukingo wote umeliwa na ganda linatupwa. Katika maelezo hayo yapo pia majaribu: bunduki nyingi za bolti hujikoki kwa kuinua tu mkono wa bolti na kuushusha, bila kuivuta nyuma, hivyo mtu anaona urahisi wa kuendelea kufyatua ganda likiwa limetulia ndani. Limetulia kweli, na kwa sababu hiyo linapigwa sehemu ileile. Anayetumia ganda kwa mtindo huo anadhani ameweka kinga, ilhali kinga iliisha baada ya pigo la kwanza.

Kuna kasoro ya usalama ambayo kwangu mimi ni nzito kuliko ya mtutu. Bolti ikishafungwa, macho hayawezi kutofautisha kitako cha ganda tupu na kitako cha risasi nzima. Mfuko mmoja wa koti unaobeba maganda na risasi pamoja ni mfuko wa hatari. Na risasi iliyogoma isitumiwe kamwe kama ganda la mazoezi, kwa sababu iligoma mahali pamoja tu pa ukingo. Pini ikipiga mahali pengine inaweza kulipuka.

Risasi bandia

Risasi bandia za .22 huuzwa za alumini na za plastiki. Kwa kuzitazama mtu angedhani ndizo jibu kamili, maana zina umbo sahihi, zina ukingo sahihi, na rangi zake haziwezi kuchanganywa na shaba. Kwa kufundisha mtoto wa kiume au wa kike aliyefikia umri wa kuruhusiwa namna ya kujaza magazini, kuingiza, kutoa na kukagua, sijaona kinachozishinda.

Kwa mazoezi ya triga hali ni tofauti, na wanunuzi wengi hawasomi maandishi ya pakiti. Risasi bandia za alumini za A-Zoom, kwa mfano, kwa kaliba ya .22 hutajwa kuwa ni za kujaribia mtambo wa bunduki, yaani kuona kama inaingiza na kutoa sawasawa. Hazikukusudiwa kupigwa na pini mara nyingi. Sababu yake ni ileile ya ukingo mwembamba. Risasi bandia za bunduki kubwa huwekwa mpira au springi katikati, mahali ambapo pini hupiga, lakini ukingo wenye unene wa milimita moja hauna nafasi ya kuwekwa springi. Alumini ni laini, hubonyea haraka, na baada ya mapigo kadhaa ukingo huwa na meno meno yanayoweza kukwaruza njia yake ya kutoka. Za plastiki hazikwaruzi, lakini ukingo wake huchanika, na kipande kilichochanika kinaweza kubaki ndani ya kishimo cha bolti bila wewe kukiona.

Ongeza na upatikanaji. Katika maduka ya vifaa vya kawaida hapa Tanga hazipo, na kuagiza kutoka nje kitu chenye umbo la risasi ni jambo la kuuliza kwanza kwa Jeshi la Polisi kabla ya kulipa fedha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kufanyiwa majaribio kwa kifurushi cha posta.

Fisha ya ukutani

Wapo watakaoshangaa kuona kifaa cha fundi seremala katika maandishi ya bunduki, lakini walenga shabaha wa nchi nyingi wamekuwa wakikitumia kwa miaka mingi, na mimi baada ya kulinganisha nimekitanguliza mbele ya vingine kwa bunduki za bolti. Ninazungumzia ile plagi ya plastiki inayoingizwa kwenye tundu la ukuta kabla ya skrubu, ambayo mafundi wetu huiita fisha. Ile yenye kola upande wa nyuma hukaa kwenye chemba ya .22 kama risasi inavyokaa: mwili unaingia, kola inabaki kwenye nafasi ya ukingo, na pini inapiga kola. Plastiki hiyo hupokea pigo, hurudi nyuma kidogo, na haiachi chochote kwenye chuma. Pakiti moja hupatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, na zile za rangi ya njano au kijani huonekana hata jioni.

Ugumu uko kwenye saizi. Chemba ya .22 ina upana wa takribani milimita 5.7, kwa hiyo fisha ya milimita 6, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, ni nene. Usiishindilie, kwa sababu plastiki iliyobanwa ndani ya chemba ni kero nyingine ya kuanza kuitoa kwa fimbo. Inayotafutwa ni ya milimita 5 yenye kola. Kipimo changu ni cha vidole: iingie kwa kidole kimoja bila kusukumwa, kola isimame kwenye mdomo wa chemba, bolti ifunge kwa uzito uleule inaofunga ikiwa na risasi, na ikifunguliwa fisha itoke yenyewe au kwa kutikisa kidogo. Fisha isiyotimiza masharti hayo manne irudishwe ukutani inakostahili.

Nayo huzungushwa, ingawa si kwa wasiwasi wa ganda. Mimi hufungua bolti kila baada ya mifyatuo kumi hivi, natazama kola, naigeuza, na ikiwa pini imeanza kutoboa naitupa. Kwa kuwa mtu anaweza kuinua na kushusha mkono wa bolti bila kuivuta nyuma, mifyatuo hiyo kumi hupita bila fisha kutoka mahali pake, na jicho halihami kwenye shabaha. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa mazoezi: unaona kama kisigino cha bunduki kinatetereka begani, unaona kama kidole kinavuta triga kwa pembeni, na hakuna mlipuko wa kukuficha makosa yako.

Anayetaka tu kulegeza springi

Baba mkubwa hakuwa akifanya mazoezi. Alitaka usalama na springi iliyolegea, na kwa haja hiyo njia zote nilizolinganisha hapo juu ni za ziada. Bunduki nyingi za bolti za .22 huruhusu jambo rahisi: chemba ikiwa imekaguliwa, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, unashikilia triga ikiwa imebonyezwa na kuifunga bolti polepole kwa mkono mwingine. Springi inashuka pamoja na mkono wa bolti, bila pigo. Hakuna "tak". Iwapo bunduki yako haikubali hivyo, uliza fundi kabla ya kuilazimisha.

Kuhusu usalama wenyewe, nadhani ni lazima niseme wazi jambo ambalo lilikuwa gumu kumwambia mzee wangu. Mlio wa triga hauthibitishi chochote ambacho jicho na kidole kidogo havijathibitisha. Na siku ambayo jicho limekosea, mlio huo unakuwa mlipuko. Kikosini mbonyezo ule hufanyika mbele ya msimamizi na mahali palipoandaliwa. Sebuleni hakuna msimamizi. Kwa .22 ya nyumbani kitu bora zaidi ni kipande cha uzi mnene wa plastiki wenye rangi kali, ule wa mashine ya kukatia majani, kinachoingizwa kutoka kwenye chemba mpaka kijitokeze mbele ya mtutu. Kikionekana pande zote mbili, hakuna risasi ndani, na mtu yeyote ndani ya nyumba anaweza kuliona hilo bila kuigusa bunduki.

Bunduki ya upepo hufuata kanuni iliyo kinyume

Wapo wanaosema heri kuacha .22 ipumzike na kufanyia mazoezi bunduki ya upepo. Wazo si baya, lakini tahadhari: bunduki ya upepo ya springi ndiyo isiyopaswa kabisa kufyatuliwa tupu. Ndani yake pistoni hurushwa kwa nguvu, na kinachoipunguzia kasi mwishoni ni hewa iliyobanwa nyuma ya kidonge cha risasi. Pasipo kidonge, hewa hutoroka, pistoni hugonga mwisho wa silinda, na kizibo chake pamoja na springi huharibika. Ni bunduki za mashindano ya mita 10 ambazo nyingi hutengenezwa na kifaa maalumu cha kufyatulia tupu bila hewa kutoka, na hizo hazipatikani kwa bei ya mkulima wa machungwa. Tena mtu asidhani kwamba ya upepo haihitaji kuulizwa polisi.

Chumvi ya pwani

Kuna jambo ambalo msomaji wa Dodoma anaweza kulipita, lakini wa Raskazone au wa Pangani hawezi. Chochote kinachoachwa ndani ya chemba usiku kucha, kiwe ganda, alumini au fisha, hushikilia unyevu kati yake na chuma, na upepo wetu unabeba chumvi. Ganda lililotumika ni baya kuliko yote kwa hili, kwa sababu linabeba pia masizi ya fataki na baruti. Nimeona chemba yenye duara la kutu lenye umbo kamili la ganda. Mazoezi yakiisha, toa kilichomo, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi, na acha chemba wazi na kavu. Kabla ya kufyatua risasi ya kweli siku ya pili, pitisha kitambaa kikavu, na chungulia kwenye mtutu kuhakikisha hakuna kipande cha plastiki kilichobaki.

Uamuzi wangu kwa kila mmoja

Mwenye 10/22 ambayo kipini chake cha kusimamisha ni kizima afyatue chemba tupu kwa kiasi, asijisumbue na fisha. Mwenye bunduki ya bolti anayefanya mazoezi ya kweli ya triga achague fisha ya milimita 5 yenye kola, hata kama rula imeonyesha kwamba pini haigusi, maana gharama yake ni ndogo mno kuliko ya mtutu. Akiikosa, na rula imeonyesha kwamba pini haigusi, chemba tupu kwa mifyatuo michache ni bora kuliko kushindilia fisha nene. Anayefundisha vijana kuingiza na kutoa atafute risasi bandia na azitumie kwa hilo tu. Ganda nimeliweka mwisho: linafaa kwa mfyatuo mmoja wa fundi anayejaribu triga, baada ya hapo libadilishwe. Na ambaye hajui bunduki yake iko kundi gani asifyatue kitu mpaka imepimwa.

Tena, kabla ya mazoezi ya aina yoyote, risasi zote ziwe zimefungiwa chumba kingine, na mtutu uelekee ukuta mnene wa matofali usiokuwa na mtu nyuma yake, mbali na dirisha la barabarani. Jirani anayeona mtutu dirishani hajui kwamba ndani mna fisha.

Bunduki ya baba mkubwa ilipona. Fundi hakuichonga chemba, kwa sababu kuchonga kunaondoa chuma na kuitanua, na ganda likitanuka ndani ya chemba pana linaweza kupasuka. Alitumia chombo cha chuma kigumu chenye ncha nyembamba iliyosuguliwa ikang'aa, akakiingiza mdomoni mwa chemba na kukisukuma polepole dhidi ya kile kivimbe mpaka chuma kikarudi karibu na mahali pake, kisha akafupisha pini kwa kiasi ambacho rula yangu sasa inakiona kama uzi mwembamba wa mwanga. Maganda yanatoka. Jioni baba mkubwa huketi barazani, huvuta bolti, hukagua kwa jicho na kidole, hushikilia triga na kuifunga taratibu, kisha huichomeka ile nyuzi ya rangi ya chungwa kutoka nyuma hadi mbele.